Dawa ya deni ni kulipa. Na soko likifungwa je?

Leo siandiki juu ya simu mpya wala programu mpya. Nataka tuzungumze juu ya mashirika madogo yanayowakopesha akina mama mboga, mafundi wa viatu na watu wa bodaboda, na jinsi yalivyohangaika korona ilipotufungia milango mwaka 2020. Mimi ni mtu wa kuandika programu, na nyingi kati ya nilizoandika ni za kuhesabu mikopo, kwa hivyo nina machache ya kusema. Wataalamu wa uchumi watanivumilia.

Nitaitaja hoja yangu mapema ili asiye na muda aende zake. Gonjwa likiingia, shirika la mikopo midogo haliangushwi na wateja wakorofi. Huangushwa na mambo mawili. La kwanza ni kuishiwa pesa taslimu kwa miezi michache. La pili ni kuwa na mfumo wa tarakilishi usiojua tofauti kati ya mtu aliyetoroka na deni na mtu ambaye soko lake limefungwa. La kwanza linahitaji serikali na wenye fedha. La pili linatuhitaji sisi tunaoandika programu, na hapo sidhani tumefanya kazi ya kutosha.

Tukumbushane kidogo mambo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Shule zikafungwa mwezi huo huo. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Aprili usafiri wa kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale ukazuiwa. Uagizaji wa mitumba ukapigwa marufuku hadi Agosti. Mwezi Mei mitaa ya Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa ikawekewa vizuizi vyake. Madarasa yote hayakurudi shuleni hadi Januari 2021, na kafyu yenyewe haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021.

Sasa itazame orodha hiyo kwa macho ya afisa wa mikopo. Muuza chipsi na samaki wa jioni amepoteza saa zake za biashara. Muuza mitumba hana bale la kufungua. Mwenye shule ndogo ya binafsi aliyekopa ajenge madarasa mawili hana karo ya kukusanya. Mwenye kibanda cha chakula nje ya shule hana mteja hata mmoja. Hawa wote walikuwa wakilipa vizuri mwezi wa Februari. Hakuna aliyekuwa mkorofi.

Na kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini hulisahau. Mikopo hii mingi hutolewa kwa vikundi. Wanachama hukutana kila wiki au kila mwezi, hudhaminiana, hulipa mbele ya wenzao, na anayeshindwa huchangiwa. Mkutano ndio dhamana yenyewe, maana hakuna hati ya shamba wala kadi ya gari. Serikali ilipokataza mikusanyiko, ilikuwa na sababu nzuri kabisa ya afya, lakini kwa mashirika haya ilikuwa ni kama kuing'oa nguzo ya katikati ya nyumba.

Hebu tupige hesabu. Hii ni ya mfano tu, nimeitunga ili tuelewane. Chukua shirika lililokopesha shilingi milioni 100. Mtaji wake lenyewe ni milioni 20, akiba za wateja ni milioni 30, na milioni 50 limekopa benki. Mwezi wa kawaida wateja hulipa milioni 12: milioni 10 za deni na milioni 2 za riba. Zile milioni 10 hukopeshwa tena. Katika zile milioni 2, laki 5 ni riba ya benki, milioni 1.2 ni mishahara na kodi ya ofisi, na laki 3 ndizo hubaki. Benki nayo huongeza muda wa mkopo wake kila unapokaribia kuisha. Maisha yanakwenda.

Gonjwa likaingia. Nusu ya wateja hawawezi kulipa. Badala ya milioni 12 zinaingia milioni 6. Riba ya benki na mishahara zinakula milioni 1.7, zinabaki milioni 4.3. Lakini wateja wenye akiba nao wana njaa, wanatoa milioni 3 kwa mwezi. Benki nayo imeshtuka, haitaki tena kuongeza muda, inadai irudishiwe milioni 2 kila mwezi. Jumla inayotakiwa ni milioni 5 na mkononi kuna milioni 4.3. Pengo ni laki 7, kila mwezi, na hapo shirika halijatoa mkopo mpya hata mmoja!

Hapo ndipo penye mtego. Njia rahisi ya kuokoa pesa taslimu ni kuacha kukopesha. Lakini mteja wa mikopo midogo hulipa kwa nini? Si kwa kuogopa mahakama. Hulipa kwa sababu akimaliza mkopo wa 30,000 anatarajia wa 50,000. Siku atakayosikia kwamba hata wanaolipa hawapewi tena, ataanza kujiuliza kwa nini alipe. Jirani yake naye atajiuliza hivyo hivyo. Wale nusu waliokuwa wakilipa wanapungua wanakuwa robo. Tumezoea kusikia juu ya watu kuikimbilia benki watoe pesa zao. Huku wanaokimbia ni wakopaji, na hukimbia kimya kimya bila kupiga foleni.

Kwa hivyo, kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ya shirika wakati wa janga ni kuilinda ahadi ya mkopo unaofuata, hata kama mkopo wenyewe utakuwa mdogo. Mkopo wa 10,000 wa kununua mboga kwa anayeendelea kulipa una maana kubwa kuliko mabango yote ya ukutani.

Serikali ilifanya nini? Tuseme ukweli, haikukaa bure. Tarehe 18 Machi 2020 Benki Kuu ilitangaza kwamba benki zingeweza kupanga upya mikopo ya watu waliokuwa hawana malimbikizo kufikia tarehe 2 Machi, na mpango huo ukadumu mwaka mmoja. Tarehe 23 Machi ikapunguza akiba ambayo benki za biashara hulazimika kuiweka kwake kutoka asilimia 5.25 hadi 4.25, zikapatikana shilingi bilioni 35.2 za kukopesha. Ada za kutuma pesa kwa simu zikaondolewa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 hadi mwisho wa mwaka. Mwezi Aprili ikasimamisha kwa miezi sita kupelekwa kwa majina ya watu waliochelewa kulipa kwa sababu ya janga kwenye mashirika ya kumbukumbu za mikopo, na ikasema deni lililo chini ya shilingi 1,000 lisimharibie mtu jina.

Hatua nzuri. Lakini angalia maji yalimiminwa wapi. Yale mabilioni 35.2 yalikuwa ya benki za biashara. Shirika la mikopo lisilopokea akiba lilikuwa hata halisimamiwi na Benki Kuu wakati huo, kwa hivyo halikuwa na mlango wa kubisha. Liliomba kwa benki, na benki iliyoshtuka haiwi na haraka. Maji yalimwagwa juu ya mlima tukaambiwa yatashuka bondeni. Mengine yalishuka, mengine yalikwama njiani.

Matokeo tunayajua. Benki za mikopo midogo zinazosimamiwa na Benki Kuu zilipata hasara ya jumla ya zaidi ya shilingi bilioni 2 mwaka 2020, na mwaka 2021, 2022 na 2023 kundi hilo lilikuwa bado kwenye hasara. Nisimwonee mtu: zilikuwa na hasara hata mwaka 2019, kabla ya korona. Gonjwa liliikuta nyumba ina ufa likaupanua. Halafu wakaja wanunuzi, nao wakatoka upande wetu wa tarakilishi. Mwaka 2022 kampuni ya Branch, inayojulikana kwa mikopo ya simu, ilichukua sehemu kubwa ya Century Microfinance Bank, na Umba ikachukua ya Daraja. Maana yake programu za simu sasa zinamiliki benki. Kwa hivyo anayesema mambo haya hayawahusu watu wa teknolojia amechelewa habari.

Wapo watakaosema: shida iko wapi? Simu si ipo? Kila mtu alipe kwa M-Pesa, mikutano ife, mambo yaishe. Polepole ndugu zangu. Hadithi ya M-Pesa yenyewe ina jibu. Huduma hiyo ilizinduliwa Machi 2007, lakini majaribio yake yalianza Oktoba 2005, na lengo la majaribio lilikuwa kulipia mikopo midogo. Wateja walikuwa wa shirika la Faulu Kenya. Nini kilitokea? Watu walianza kutumiana pesa wao kwa wao, na huko ndiko biashara ikaelekea. Lakini upande wa mikopo ulisumbua. Kulinganisha malipo ya simu na vitabu vya shirika kulikuwa kazi kubwa, na mwanachama aliyelipa kwa simu alianza kuona hana haja ya kuhudhuria mkutano wa kikundi. Simu ilirahisisha malipo ikalegeza udugu uliokuwa ukiyalinda.

Sisemi simu ni mbaya. Musoni, ambayo ilianza kukopesha hapa Nairobi mwaka 2010 bila kushika noti hata moja, ilionyesha kwamba mikopo na malipo yote yanaweza kupita kwenye simu, na maafisa bado wakakutana na vikundi vyao. Shirika la namna hiyo lilipofika mwaka 2020 halikuhitaji kuwafundisha wateja namna ya kulipa bila mkutano. Lililokuwa likikusanya noti chini ya mwembe lilijifunza kuogelea likiwa katikati ya mto. Ninachosema ni kwamba simu hubeba pesa tu. Haijui kwamba mume wa mteja amelazwa. Afisa wa mikopo anajua, na wakati wa janga ujuzi huo ndio unaoamua nani apumzishwe na nani abanwe.

Sasa tufike kwenye kazi yetu. Mteja anapopewa nafasi ya kupumzika miezi mitatu, ndani ya tarakilishi kunatokea nini? Mfano: mama amebakiza deni la shilingi 50,000, riba asilimia 2 kwa mwezi ya salio. Kuna njia tatu. Ya kwanza, saa ya riba isimame, akirudi akute 50,000 ile ile. Ya pili, riba ihesabiwe kwa deni la mwanzo tu, akute 53,000. Ya tatu, riba izae riba, akute 53,060. Ongeza faini ya kuchelewa ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, na anayedhani amesaidiwa anarudi kukuta mlima.

Usikimbilie kusema njia ya kwanza ndiyo ya haki. Lile shirika letu la mfano lina milioni 100 nje. Kama kila mteja ana deni la 50,000, hao ni wateja 2,000. Ukisamehe 3,000 kwa kila mmoja, ni milioni 6, karibu theluthi ya mtaji wote wa shirika. Benki iliyolikopesha haijasamehe chochote. Mwaka 2020 wengi walipiga kelele riba isimame, lakini wachache waliuliza nani atailipia. Mimi naona njia ya pili ndiyo ya katikati: riba iendelee bila kuzaa, faini zizimwe zote, na mteja aonyeshwe hesabu kabla hajakubali. Na aliyeathirika sana asamehewe kwa uamuzi wa mtu, uandikwe sababu.

Tatizo ni kwamba programu nyingi za mikopo zinajua hali mbili tu: amelipa, hajalipa. Siku ya 1 baada ya tarehe, ujumbe wa simu unatoka. Siku ya 7, faini. Siku ya 30, mkopo unahesabiwa kuwa hatarini. Siku ya 90, jina linapelekwa kwa watunza kumbukumbu. Hakuna mtu anayeamua, saa ndiyo inayoamua. Katika siku za kawaida hiyo ndiyo raha ya mashine. Katika janga, mashine hiyo hiyo inamtumia vitisho saa mbili usiku mtu aliyezuiwa na serikali kutoka nje.

Wenzetu wa Bangladesh walilijua hili mapema. Mwaka 1998 mafuriko yalifunika sehemu kubwa ya nchi kwa muda mrefu, na wateja wengi wa Grameen Bank, benki ya Muhammad Yunus, wakashindwa kulipa. Baada ya hapo benki iliandika upya kanuni zake, na mfumo mpya ukakamilika mwaka 2002. Waliufananisha na barabara kuu yenye njia ya mchepuko. Mkopaji akipata ajali haondolewi barabarani. Anaingia mchepuko, analipa kidogo kidogo kwa muda mrefu zaidi, akipata nguvu anarudi. Mchepuko ulichorwa kwenye kanuni, kila afisa anaujua, hausubiri tangazo la dharura.

Huo ndio mchepuko ninaotaka tuujenge kwenye programu zetu. Naomba mambo manne tu.

Moja, kuwe na hali ya tatu: amepumzishwa. Isichanganywe na kulipa wala na kuchelewa. Iwe na tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, sababu, na jina la aliyeidhinisha. Ikiwashwa, ujumbe wa vitisho, faini na safari ya kumbukumbu za mikopo vyote vinasimama pamoja.

Mbili, iweze kuwashwa kwa mtaa au kwa aina ya biashara, na pia kwa mtu mmoja mmoja. Kuwapumzisha wote ni hasara, maana muuza maski na sabuni mwaka 2020 alikuwa akiuza kuliko awali. Kutompumzisha yeyote ni ukatili.

Tatu, historia ya zamani isifutwe. Hapa nawaambia wakubwa wa mashirika bila kuficha. Ipo tabia ya kuchukua mkopo mbovu, kuufunga kwa mkopo mpya, na kusema vitabu ni visafi. Hiyo ni kupaka rangi ukuta uliooza. Mkopo uliopangwa upya uonekane kuwa umepangwa upya, ili bodi, msimamizi na mwenye akiba wajue ni kiasi gani kimesimama kwa mguu mmoja.

Nne, mteja aweze kugusa akiba yake. Mashirika mengi humtaka mkopaji aweke akiba ya lazima inayofungwa hadi amalize deni. Anakufa njaa akiwa na pesa zake mwenyewe mezani kwao. Programu iruhusu sehemu yake itolewe wakati wa dharura, kwa kiwango ambacho shirika limekipanga kabla, si siku ambayo moto umeshawaka.

Hakuna uchawi katika haya. Hata programu huria zipo. Fineract, iliyotokana na mradi wa Mifos na kukabidhiwa wakfu wa Apache, inatumiwa kwa kazi hii na inaweza kubadilisha ratiba ya mkopo. Ngumu si kuandika programu. Ngumu ni mkurugenzi kukubali kulipia kitu ambacho mwaka huu hakitatumika. Ni kama mtungi wa kuzimia moto, watu huona umekaa bure pale ukutani mpaka siku ile.

Na kwa serikali nina moja. Sheria ya mwaka 2021 iliwaleta wakopeshaji wa simu chini ya Benki Kuu, na mabadiliko ya mwaka 2024 yakapanua wigo kwa wakopeshaji wengine wasiopokea akiba. Vizuri. Kama sasa mnawasimamia, basi wapatieni pia mlango wa kubisha janga likija: mfuko wa kuwakopesha kwa miezi michache, wenye masharti yaliyoandikwa leo. Huwezi kumhesabu mtu kuwa wa nyumbani wakati wa kutoza leseni halafu awe mgeni wakati wa mvua.

Dawa ya deni ni kulipa, sipingi. Nimeona pia mashirika yanayolea wateja wasiotaka kulipa, na hayo huwaumiza waaminifu. Lakini hata dawa ina saa zake za kunywewa, na mgonjwa aliyezimia humnyweshi kwa nguvu, atapaliwa. Korona haikuwa janga la mwisho. Ukame upo, mafuriko yapo, na uchaguzi nao tunaujua tangu Desemba 2007. Kama unaandika programu ya mikopo wiki hii, fungua faili linalohesabu siku za kuchelewa, ulisome, kisha ujiulize: soko likifungwa kesho, nani anaweza kuisimamisha saa hii? Kama jibu ni hakuna, kazi unayo.

Haya, nimesema yangu. Tukutane wiki ijayo, stima ikiwepo.